Upele Uliokuja na Kipupwe

Kama jua ndilo linalokuunguza, mbona mwezi wa kumi, jua likiwa kali hata kuku wanaachama midomo, uso wako ni safi, na mwezi wa sita, watu wakiwa wamevaa masweta, uso huohuo unatoa maji ya njano?

Swali hilo aliniuliza baba yangu uani kwetu, mbele ya majirani wawili waliokuja kuazima magunia ya alizeti. Nilikuwa na shahada ya kilimo, tena ya daraja zuri. Nilichofanya ni kufukuza nzi tu. Mwaka ule nzi walinipenda kuliko binadamu yeyote.

Ninaandika haya kwa ajili ya kijana ambaye asubuhi ya leo amejitazama kwenye kioo cha simu akataka kutapika. Najua unavyojisikia. Sitakufundisha udaktari, maana si kazi yangu, na waliojaribu kunifundisha udaktari bila kuusomea ndio walioniumiza zaidi. Nitakueleza tu jinsi nilivyoishi na kitu hiki mpaka kikanizoea.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Mtinko, Singida. Tunalima alizeti, mtama na vitunguu, na kila nyumba ina mbuzi. Mvua zikikatika mwezi wa nne unaanza upepo mkavu, wa baridi, unaoingia mpaka ndani ya mablanketi. Kwa hiyo asubuhi za kipupwe kila nyumba ina ukuta wake unaopokea jua la kwanza, na kwenye ukuta huo wote wanapanga migongo: wazee, watoto, hata mbwa. Ndiko kuota jua. Chai inanywewa hapo, wageni wanapokelewa hapo, shikamoo zote za siku unazimaliza hapo. Asiyetoka kuota jua ataulizwa ana homa au amegombana na nani.

Nilirudi nyumbani kutoka chuo mwezi wa pili, mvua zikinyesha. Miezi ile nilikaa ndani nikiandika barua za kuomba kazi. Mwezi wa tano nikatoka kwenda kukata vichwa vya alizeti pamoja na mama. Siku ya tatu masikio yakaanza kuwasha kana kwamba mtu amenipaka upupu. Kesho yake mashavu, halafu shingo mpaka pale ukosi wa blauzi unapoishia, halafu mikono. Vilianza vipele vidogo vyekundu, vikajaa maji, vikapasuka, vikaota ukoko wenye rangi ya uji uliosahauliwa kwenye sufuria.

"Ni vumbi la alizeti," mama alisema. "Oga vizuri."

Nilioga mara tatu kwa siku. Haikusaidia kitu.

Watu wakisimulia magonjwa yao husema waliumia. Mimi sikuumia sana. Nilichefukwa. Nilikuwa naamka sikio limeshikana na foronya, nalibandua polepole, na foronya inabaki na ramani ya sikio langu. Nilinuka kama kitambaa cha kufutia meza kilichokaa siku mbili bila kufuliwa. Siku moja tukiwa tunakula ugali, gamba dogo lilidondoka kutoka kwenye kidevu changu likatua ukingoni mwa sahani ya mboga. Nililiokota haraka, lakini baba alikuwa ameshaliona. Baba ambaye tangu nizaliwe amekula nasi sahani moja, kesho yake aliomba atengewe peke yake, akasema tumbo halimkai vizuri.

Mwezi wa nane upele ukaondoka wenyewe, ukaacha madoadoa meusi. Kila mtu akadai ameniponya. Mama alisema ni mwarobaini. Jirani alisema ni maombi. Nami sikuamini hata mmoja, maana mwarobaini niliuacha mapema kwa sababu ya harufu, na kwenye maombi sikwenda.

Hofu yangu ilikuwa alizeti. Nilisomea mazao ya mafuta. Mtu wa Singida aliyesomea mazao ya mafuta halafu mwili wake unakataa alizeti ni sawa na mvuvi anayeogopa maji. Basi mwezi wa kumi nikafanya jaribio. Mkono wa kushoto niliufunga majani makavu na makapi ya alizeti kwa kitambaa, siku mbili. Mkono wa kulia niliuweka wazi juani kuanzia saa tano mpaka saa nane, nimekaa kwenye jiwe kama mjusi. Mama alinipita akatikisa kichwa.

"Haya ndiyo mliyokuwa mnafundishwa huko?"

"Ndiyo, mama."

"Hela ya ng'ombe wetu hiyo inakaa juu ya jiwe."

Mikono yote miwili ilibaki mizima. Nikaandika kwenye daftari: *Si alizeti. Si jua.* Nikajiona mjanja sana. Daftari hilo ninalo hadi leo, na kila nikilifungua ukurasa ule nasikia aibu masikioni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, nikapata kazi. Kampuni moja inayonunua alizeti ilitaka afisa wa shambani wa kuzunguka kwa wakulima wa Iramba na Mkalama, kuwaonyesha namna ya kukausha na kuhifadhi mbegu. Nilipaswa kuripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita. Barua ilisema wazi: asiyeripoti siku hiyo bila sababu ya kuridhisha, nafasi yake anapewa mwingine. Nilikuwa nimeisubiri barua kama ile zaidi ya mwaka mzima. Mama alipiga vigelegele vitatu. Baba alikwenda nayo mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Siku za kwanza za mwezi wa tano, upele ukarudi. Safari hii haukubisha hodi. Macho yenyewe yalivimba.

Nilikimbilia duka la dawa. Muuzaji alinitazama kwa mbali, kupitia wavu wa dirisha, akasema kwa uhakika ambao madaktari hawana: "Dada, hii fangasi. Paka hii tyubu, baada ya siku tatu utanipigia simu kunishukuru."

Na kweli, siku ya tatu uso ulikuwa laini. Sikumpigia, lakini nilimshukuru kimoyomoyo. Nilipaka asubuhi na jioni. Siku ya kumi uso ukawa mwekundu, unang'aa, mwembamba kama nyanya iliyomenywa. Nikikunja uso nilihisi ngozi inataka kuchanika. Na upele ulikuwa chini yake, unangoja. Nilipoacha kupaka siku moja tu, ulitoka wote kwa mpigo.

Kisimani kulikuwa na kikao.

"Msomi kajichubua."

"Ni mkorogo wa chuo huo. Ulimkubali huko, hapa umemkataa."

"Mkorogo gani unatoa usaha? Huo ni ule ugonjwa. Mtazameni shingo."

Niliyasikia hayo nikiwa hatua kumi tu kutoka kwao, ndoo kichwani. Walijua nawasikia. Mmoja alinigeukia akatabasamu: "Mambo, dada? Umepona?"

Nilikwenda zahanati nikapima. Sikuwa na virusi vya UKIMWI. Nilimpa baba karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Karatasi ni karatasi," alisema. Sijawahi kuichukia sentensi kama ile. Na ndipo siku iliyofuata, uani, mbele ya majirani na magunia yao, nilipomwambia kwamba nahisi jua linaniumiza, akaniuliza lile swali la mwezi wa kumi na mwezi wa sita. Mimi mwenyewe nilikuwa na daftari la kumuunga mkono.

Hapo ndipo alipoitwa shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, mkubwa wake, na nyumba yake iko karibu na ziwa la chumvi. Alikuja na ndoo iliyofunikwa kwa mfuko wa nailoni na kufungwa kamba. Alipoifungua, mbwa aliondoka. Lilikuwa tope jeusi la ukingo wa ziwa, lenye chumvi, mabaki ya wadudu na mavi ya ndege heroe, limeiva kwenye ndoo siku mbili. Lilinuka mayai viza. Huko kwake mbuzi wakipata ukurutu hupakwa tope hilo, wanafungwa juani mpaka likauke lipasuke, na baada ya siku chache manyoya yanaanza kuota upya. Nilikuwa nimewaona mbuzi hao kwa macho yangu. Walikuwa wamepona.

"Likipasuka linavuta sumu," shangazi alisema, huku akikunja mikono ya gauni.

"Shangazi, mbuzi wana manyoya. Mimi sina."

"Ndiyo maana utapona haraka kuliko wao."

"Na wadudu wa ukurutu wa mbuzi si..."

"Wewe uliza. Maswali yakiisha utaniambia nikupake."

Utaniuliza mimi mwenye maswali yote haya nilikubalije. Nilikubali kwa sababu zilibaki siku kumi na tisa kufika siku ya kuripoti kazini. Mtu anayebishana na kila kitu huwa na bei yake kama wengine, na bei yangu ilikuwa Jumatatu ile. Nilifumba macho. Alinipaka kuanzia kwenye nywele mpaka chini ya ukosi, kwa kiganja kizima, kama mtu anayekandika nyumba. Kisha akaniweka kwenye ukuta wa kuotea jua, uso mbele, na kuniamuru nisicheke wala nisiongee ili tope lisipasuke kabla ya wakati.

Asubuhi tatu mfululizo. Watu waliopita njiani walisimama kunisalimia makusudi, wakijua siwezi kujibu. Nzi walitembea juu ya tope wakatafuta pa kuingilia. Jua lilikuwa tamu, lile jua la kipupwe linaloingia mgongoni kama uji wa moto, na chini ya tope nilisikia uso unatokota. Nilifikiri ndiyo sumu inavutwa. Shangazi alipolibandua siku ya pili, lilitoka na vipande vyangu. Alinionyesha kwa furaha: "Unaona? Unaona linavyokuja nayo?" Nilikwenda nyuma ya zizi nikatapika chai yote.

Siku ya tatu jioni macho hayakufunguka. Mdomo ulikuwa umevimba upande mmoja. Mama alitoka jikoni, akanitazama, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

"Wifi, chukua ndoo yako."

"Bado siku moja, wifi. Mbuzi pia siku ya tatu huwa..."

"Huyu si mbuzi wako. Nimesema chukua ndoo yako."

Shangazi aliondoka bila kula. Kwetu mgeni akiondoka bila kula, tena dada mkubwa wa mwenye nyumba, ni jambo linaloweza kukaa miaka. Baba aliporudi kutoka mnadani na kuambiwa, alisema, "Umemfukuza dada yangu kwa ajili ya tope." Mama akajibu, "Nimemfukuza kwa ajili ya mtoto." Kisha wakaanza kupitisha maneno yao kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako sina njaa. Mimi nimelala na kitambaa usoni, siwaoni hata mmoja, nafanya kazi ya posta.

Keshokutwa yake mama alinifunika khanga kichwani, akanishika mkono kama kipofu, akanipeleka hospitali mjini. Tuliambiwa daktari wa ngozi huja mara moja kwa mwezi na atakuwepo Alhamisi. Tukalala kwa ndugu yake, mtaa wa Mandewa palepale mjini, siku nne. Sitasimulia siku zile nne ila kwamba mwenyeji wetu alifua shuka nililolalia akaliloweka kwenye maji yanayochemka, mbele yangu, akiimba.

Alhamisi benchi la kliniki ya ngozi lilijaa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitazama, akasogea. Aliyefuata naye akasogea. Nikajikuta na nafasi ya kulala. Mtoto akauliza kwa sauti ambayo watoto hutumia mahali pa kimya: "Mama, huyu dada kaliwa na nini?"

Nafasi ile ilikaliwa na msichana wa umri wangu, mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu ya gauni hadi kwenye vidole. Alijikalia bila kujishika pua.

"Karibu chamani," alisema.

"Chama gani?"

"Cha tunaokimbia jua. Wewe umechelewa kujiunga, naona limekupata. Naitwa Zainabu. Nashona hapa Mandewa."

Nikamwambia siyo jua, nimelifanyia jaribio. Nikamweleza habari ya jiwe na saa tano mpaka saa nane. Zainabu alicheka mpaka kofia ikateleza.

"Yaani ulikaa juani masaa matatu kwa hiari yako? Na wamekupa shahada? Mimi nimeishia la saba, na sijawahi kufanya ujinga huo."

Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya ndoo, akacheka. Nami nikajaribu, nikaumia mdomo, nikaacha.

Alikuwa anakuja pale kila mwezi kupimwa na kuchukua mafuta yake. Alinifundisha mambo ambayo hakuna aliyenifundisha chuo. Kofia iwe na ukingo unaofika mabegani, isiwe ile ya mpira yenye ukingo wa mbele tu. Kitambaa cha nguo kiinue kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linakuona. Asubuhi tembea upande mmoja wa barabara, jioni upande wa pili. "Na usidanganyike na baridi," alisema. "Jua la baridi ni mwizi aliyevaa vizuri."

Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuuliza pasipo kutazama saa. Aliuliza unaanza lini. Aliuliza wakati wa mvua nakaa wapi. Nikasema ndani. Akauliza kipupwe, asubuhi, nakaa wapi.

"Ukutani. Naota jua. Kila mtu anaota jua."

Aliweka kalamu mezani. Nikamtupia lile swali la baba kabla hajasema lolote, mwezi wa kumi na mwezi wa sita, na daftari langu nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngozi yako inasahau," alisema. "Ikikaa miezi ya mawingu inalisahau jua. Likirudi mwezi wa tano inapigana nalo kama mgeni. Kufikia mwezi wa kumi wameshazoeana, hata likiwa kali. Huwapata vijana zaidi, na wengine huwaacha wakikua."

"Kwa hiyo jaribio langu..."

"Ulimpima mlevi kesho yake, mwanangu, ameshalala na kuoga."

Mama akauliza habari ya tope, kwa sauti ya chini kama anaungama.

"Mbuzi walipona?" daktari akauliza.

"Walipona."

"Basi mpakeni mbuzi."

Aliniambia niiache ile tyubu polepole kwa kipimo alichoandika, niweke vitambaa vya maji yaliyochemshwa na kupoa, nikae ndani, nisiote jua. Alinipa dawa za siku chache. Nilipomwambia kazi yangu inaanza baada ya siku chache tu na ni ya shambani, aliinua macho. "Ukisimama shambani kabla ya wiki sita, utarudi hapa na uso usio na ngozi. Uombe ruhusa."

Ruhusa! Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka. Niwaandikie watu ambao hawajaniona kwamba afisa wao wa shambani anaumwa na jua? Wangeisoma mara moja tu. Kulikuwa na vijana wengi waliosoma kama mimi na wenye nyuso nzima. Nyumbani baba alisema, "Andika barua ya ugonjwa." Nikasema siandiki. Nitakwenda hivyohivyo, nimejifunga khanga, na kama ngozi itadondoka idondoke kwenye daftari la mahudhurio. Mama alikuwa anapepeta mtama.

Jumatano alikwenda mjini kuuza kuku. Ijumaa ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka ofisini: niripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, si mwezi wa sita. Hakukuwa na maelezo. Niliusoma kwa sauti, nikaguna. Ndizo ofisi zetu hizo, nikasema, zinakutisha kwa tarehe na zenyewe hazijui zitaamka lini. Mama alisema Mungu mkubwa. Nikamwambia Mungu hahusiki na uzembe.

Nilikaa kwenye chumba cha giza wiki nane. Gunia dirishani, beseni la maji, vitambaa sita vilivyokatwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Ngozi ilibanduka kwa tabaka, kwanza paji la uso, mwisho masikio. Nilipata tabia mbaya ya kuyakusanya magamba kwenye kifuniko cha chupa ili niyaone yanavyopungua, na siku mama alipokikuta kifuniko kile alikitupa chooni pamoja na maneno ambayo sitayaandika. Wiki ya kwanza kifuniko kilikuwa kinajaa kwa siku mbili. Wiki ya tano hakikujaa kabisa.

Katika wiki hiyo ya tano, asubuhi moja, mlango ulifunguliwa na baba akaingia na kikombe chake cha chai na kigoda. Akakaa gizani karibu na kitanda. Nje niliwasikia watu wakiota jua na kucheka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jua lenyewe leo halina nguvu," alisema, akanywa chai.

Alikuja tena kesho yake. Mchana akamwambia mama mwenyewe, mdomo kwa mdomo, asitenge sahani mbili.

Mwezi wa nane niliripoti, na kofia aliyonishonea Zainabu, pana kama ungo. Wakulima wa kwanza niliowafikia, chini ya mlima wa Sekenke, walinipa jina la Uyoga siku hiyohiyo. "Uyoga kaja, leteni mbegu!" Nililipokea. Nimeitwa mabaya zaidi kisimani. Nilipanga ratiba yangu mwenyewe: shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ghalani kuanzia saa tatu, shambani tena saa kumi jioni. Wakulima waliipenda kuliko ya wenzangu, maana nao hawapendi kuitwa mkutano saa sita mchana.

Mwezi wa tano uliofuata niliungoja upele kama mtu anayengoja mdai. Safari hii nilianza mapema, tangu mvua zilipoanza kupungua: dakika tano za jua kwenye mikono, kisha kumi, kama daktari alivyoniambia, wiki kwa wiki, ngozi isisahau. Ulikuja. Vipele vichache kwenye masikio, siku nane, bila maji. Nilivitazama kwenye kioo cha simu, nikachefukwa kidogo kwa mazoea, nikavaa kofia nikaenda kazini.

Kwa hiyo wewe unayesoma: tazama majira kabla hujatazama ulichokula au nani kakuroga. Andika tarehe, na usifanye jaribio lako mwezi wa kumi. Kataa tyubu isiyo na jina la daktari. Usimtupie shangazi yako lawama zote, anajua mbuzi, na mbuzi anawajua kweli. Na anayehama benchi mwache ahame. Utapata nafasi ya kulala.

Shangazi na mama walipatana msimu wa tatu, kwenye msiba wa jirani, wakipika sufuria moja. Baada ya hapo shangazi akaanza kunitembelea kazini kila akija mjini. Siku ya kwanza alikuja na karanga za kuchemsha, akakaa kwenye benchi la nje akijitambulisha kwa kila anayepita kuwa yeye ni shangazi yangu, tena hakuna mwingine, baba yangu hana dada zaidi yake. Mkuu wa kituo chetu cha kazi alimsalimia kwa heshima, akapewa karanga, akaniita ofisini na kufunga mlango. Alilitoa faili langu kabatini.

"Mwambie mama yako kwamba marehemu anakula vizuri," alisema, akanisogezea karatasi.

Ilikuwa barua ya mwandiko wa mama, yenye tarehe ya ile Jumatano ya kuku, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ilisema naomba mwanangu asiripoti mpaka arobaini ipite, kwa sababu shangazi yake wa pekee, aliyemlea kama mama, amefariki ghafla na mwanangu ndiye mfiwa mkuu. Kati ya ndugu wote wa pande zote mbili, mama alikuwa amemchagua wifi yake.